Mabomu ya kuogea na hatuna bafu la kulala, nifanyeje?

Mama Tasha wa Donholm ameniandikia swali refu, nimelifupisha: "Daktari habari, kuna dada ameniuzia haya mabomu ya kuogea yanachemka kwa maji, sita kwa 1,500, nimeshalipa. Sisi kwa nyumba tuko na shawa na beseni tu. Tasha ana miaka minne na ngozi yake ni ya ukurutu, na mimi nikitumia sabuni ya marashi huko chini nawashwa wiki nzima. Niyatumie aje bila kuumiza mtu, ama nimrudishie?"

Mama Tasha, salama. Kwanza mimi si daktari, mimi ni mfamasia, lakini hii Nairobi ukisimama nyuma ya kaunta ya kemisti unaitwa daktari upende usipende na nimechoka kukataa. Pili usimrudishie bado. Hizo pesa hazijapotea, kuna njia unaweza ukayatumia na yakakupeleka mbali kuliko huyo dada alivyofikiria, lakini si wewe kukalia na si Tasha. Acha nieleze kwa nini, kwa sababu nikikuambia tu usifanye hivi usifanye vile utasahau kufikia Jumamosi.

Umewahi kunywa Eno tumbo ikikusumbua? Basi bomu la kuogea ni Eno iliyovaa nguo ya harusi. Ndani kuna vitu viwili vikubwa, bekingi soda na asidi ya sitriki, ile asidi ya limau ikiwa unga, kawaida soda mara mbili ya asidi kwa uzito. Vikiwa vikavu vinakaa pamoja kama majirani wasioongea, ukivitia maji vinaanza vita na kinachotoka ni hewa ya kaboni, ile ile ya kwa soda ya chupa, hiyo ndiyo inachemka. Na si kuchemka kwa moto, ukiangalia vizuri hayo maji hata yanapoa kidogo. Mwenye kulibuni ni mama mmoja Mwingereza anaitwa Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa Lush, kampuni ya sabuni na vipodozi, mwaka 1989 akiwa kwa kibanda cha nyuma ya nyumba yake huko Dorset, na wazo alitoa kwa vidonge vya Alka-Seltzer, kwa hivyo sikudanganyi nikisema ni ndugu ya Eno.

Sasa hiyo soda na asidi kwa mtu mwenye ngozi nzima haina maneno. Hilo ndilo gari. Shida ni abiria. Marashi, rangi, mafuta, glita, wakati mwingine povu, hao ndio wanaleta fujo, na huwezi kuwaona kwa macho ukiangalia tu mpira mzuri wa rangi ya waridi. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama mabomu ya kuogea ni salama mimi humuuliza umebeba nani.

Abiria namba moja ni marashi. Kwa lebo utaona neno moja tu, parfum, na hilo neno moja linaweza kuficha makumi ya vitu. Kule Ulaya sheria inalazimisha mtengenezaji ataje kwa jina yale yanayojulikana kuleta aleji, ndio maana kwa bidhaa za huko utakuta mwishoni mwa lebo majina kama linalool, limonene, geraniol, citral. Watu huogopa wakiona hayo majina marefu lakini mimi napenda nikiyaona, angalau mtu amesema ukweli. Halafu usidanganyike na kuambiwa "ni mafuta asilia". Mdalasini ni asilia na mafuta yake kwa ngozi ni moto. Karafuu vile vile. Mkaratusi na peremende ni nzuri kwa mtu mzima mwenye mafua lakini kwa mtoto mdogo mvuke wake ukiwa mkali unaweza kumbana pumzi. Upupu pia ni asilia, kwani?

Wewe umesema sabuni ya marashi inakuwasha huko chini wiki nzima. Mama, mwili wako umeshakujibu kabla yangu. Huko ndani kuna asidi yake ya kawaida, kipimo cha pH kama 3.8 mpaka 4.5, inalinda bakteria wazuri wanaofukuza wabaya. Maji ya bekingi soda yenyewe yako upande wa pili kabisa, karibu 8, na hata kama asidi ya sitriki itayashusha, bado umeongeza marashi na rangi juu yake halafu unakaa humo dakika ishirini. Kukalia beseni yenye hilo bomu ndiyo njia mbaya zaidi ya kulitumia katika hali yako, usifanye, hata ukiambiwa ati linaondoa harufu ama linasafisha. Huko nje maji matupu yanatosha na huko ndani kunajiosha kwenyewe. Na kama ule muwasho huwa unakuja na uchafu mzito mweupe kama maziwa lala, ama harufu ya samaki, ama kukojoa kunachoma na unasikia homa na mgongo, hiyo si kazi ya sabuni peke yake, nenda upimwe, usinunue dawa kwa kukisia. Naona wamama wengi sana wakitibu fangasi miezi mitatu kumbe ni kitu kingine kabisa.

Sasa beseni. Hapa ndipo watu wengi wa mtaa wanakosea na hakuna anayewaambia, kwa sababu maelezo yote ya haya mabomu yameandikwa kwa mtu mwenye bafu la kulala. Piga hesabu na mimi. Bafu la kulala likijaa vizuri linabeba kama lita 150. Bomu la ukubwa wa chungwa ni karibu gramu 150. Kwa hivyo yule mtu wa bafu anaoga kwa gramu moja kwa kila lita. Wewe beseni yako ya miguu ina lita kumi hivi. Ukitupa bomu zima umepata gramu kumi na tano kwa kila lita, yaani marashi na rangi mara kumi na tano ya kile aliyelitengeneza alikuwa anafikiria. Ngozi ambayo ingevumilia ile ya kwanza inaweza kukataa hii ya pili, halafu mtu anasema bidhaa ni feki kumbe ni kipimo.

Kwa beseni ya lita kumi unataka gramu kumi, kijiko cha chai kama viwili hivi vya unga wake, basi. Chukua kitambaa kikavu, funga bomu ndani, ligonge na mti wa kusukuma chapati mpaka livunjike, kila mara unachota kidogo. Hesabu yenyewe inakuambia bomu moja ni miguu mara kumi na tano, sita ni mara tisini. Hiyo 1,500 yako sasa inaanza kuwa na maana ama namna gani. Na maji nayo, wewe unajua vile Donholm mfereji unakuja na kwenda, kujaza lita 150 ndio mtu alale ndani dakika kumi na tano ni jambo la watu wa borehole.

Kwa hivyo ruhusa yangu kwako ni miguu. Jioni ukitoka job, maji ya vuguvugu, dakika kumi mpaka kumi na tano, halafu unasuuza na maji safi, unapanguza hasa katikati ya vidole, unapaka mafuta. Kusuuza si hiari. Watu wanapenda ile harufu ibaki kwa ngozi lakini kinachobaki si harufu tu. Na kama kuna mtu kwa nyumba mwenye kisukari, mama mkwe labda, yeye asiloweke miguu kabisa, kwa sababu kisukari huua hisia za miguu na mtu anaweza kuungua na asijue, nimeona malengelenge yaliyoanza na beseni la maji ya moto na yakaisha kwa kidonda cha miezi.

Kabla ya hayo yote jaribu. Toa kipande kama punje ya maharagwe, kiyeyushe kwa nusu kikombe cha maji, hiyo itakuwa kali kuliko ile ya beseni na ni makusudi. Chovya pamba, weka ndani ya mkono pale kiwiko kinapokunja, ikae dakika kumi, osha. Fanya hivyo siku tatu mfululizo mahali pale pale, kwa sababu aleji ya marashi haiji kila mara siku ya kwanza, inaweza kuchelewa siku mbili. Ikiwasha, ikiwa nyekundu, ikifura, hilo bomu si lako, mpe mtu mwingine ama weka kwa kabati ya nguo inukie huko. Na usiloweke siku umetoka kunyoa ama kufanya waksi, subiri hata siku moja, ngozi iliyokwaruzwa inameza kila kitu.

Tasha. Hapana. Najua atalia akiona linachemka, watoto wanapenda na hata mimi napenda, lakini ngozi ya ukurutu ni kama ukuta ambao simenti imetoka katikati ya matofali, maji yanatoka na uchafu unaingia, na marashi ndiyo mojawapo ya vitu vinavyowasha hiyo moto haraka sana. Tena wasichana wadogo wakikaa kwa maji ya povu na marashi wanawashwa huko chini, mtoto anaanza kulia akikojoa mama anafikiri ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Kama ni ile raha ya kuona likichemka anataka, tia kipande kwa bakuli la maji mezani aangalie, asiguse, mmemaliza.

Kwa ngozi yake kuna kitu cha bei rahisi na kizuri zaidi. Oti zile za uji wa asubuhi, zisizo na ladha wala sukari, saga kwa blenda mpaka ziwe unga laini kabisa, ujue ziko tayari ukitia kijiko kimoja kwa glasi ya maji na maji yawe kama maziwa. Weka kwa soksi safi, funga, loweka kwa beseni lake la maji ya vuguvugu ukiminya minya. Dakika tano mpaka kumi zinatosha, usimsugue, mpanguze kwa kumgusa gusa tu na akiwa bado na unyevu mpake mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na harufu, ile dakika mbili tatu za kwanza ndizo za dhahabu. Kama hajawahi kula uji wa oti jaribu kwanza kwa mkono kama nilivyosema. Ukurutu ukitoa maji ama kuwa na ukoko wa manjano, achana na beseni, mpeleke aonekane.

Kuhusu huyo dada anayeuza. Mimi sina shida na watu wanaotengeneza kwa nyumba, wengine wana usafi kuliko kiwanda. Lakini akuambie ndani kuna nini. Muulize vitu vitatu: marashi ni gani, rangi ni gani, na mafuta yanachanganyika na maji kwa kutumia nini. Swali la tatu ndilo huwa linawaumbua. Mafuta na maji hayapatani, ukitia mafuta ya nazi tu kwa bomu yataelea juu na kushika beseni, na kama ni shawa yenye vigae mtu anateleza anavunja mkono. Mtengenezaji anayejua kazi hutia kitu cha kuyapatanisha, kinachojulikana zaidi ni polisorbeti 80, akikutajia hiyo jua angalau amesoma. Rangi ziwe za kipodozi, kwa lebo utaona herufi CI na namba tano, mfano CI 42090 ni ile buluu. Akisema ametumia rangi ya mandazi ya kwa duka haitakuua lakini beseni jeupe na taulo zitajuta. Glita mimi nakataa kabisa, nyingi ni plastiki, inakwaruza, inaingia jichoni na haitoki kwa nyumba mpaka Krismasi. Kuna jamaa aliniletea kesi ya jakuzi ya nyumba ya kukodi kule pwani, wameweka bomu lenye glita na maua makavu, pampu ikameza yote ikafa, na wakalipishwa. Jakuzi na mabomu havikai pamoja.

Kama ni la dukani angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. La kutengenezwa hapa litakuwa na ile alama ya ubora na namba ya leseni chini yake, andika SM#, fuatisha hiyo namba, tuma kwa 20023 uone kama inajibu jina la bidhaa uliyoshika. La kutoka nje liwe na sitika ya bidhaa za kuingizwa nchini. Hii haimaanishi halitakuwasha, inamaanisha kuna mtu anajulikana wa kuuliza likikuwasha. Na ukiona limeandikwa linatoa sumu mwilini, cheka uendelee na safari. Sumu zinatolewa na ini na figo, hazitoki kwa nyayo kwenda kwa beseni, yale maji kugeuka kahawia ni rangi tu.

Chunga pia asikuuzie vidonge vya shawa ukidhani ni mabomu. Vinafanana sana, vinachemka vile vile, lakini vile vimejazwa mentholi au mkaratusi kwa wingi kwa sababu vinawekwa chini pembeni ya shawa vitoe mvuke, havigusi mwili. Mtu akiloweka hicho kwa beseni akatia miguu, ama Mungu aepushe akakikalia, ataruka mpaka sebuleni. Kwa nyumba yako ya shawa vidonge hivyo vinaweza hata kukufaa kuliko mabomu, ukiwa na mafua, mlango wazi kidogo na Tasha akiwa chumba kingine. Mwenye pumu aviache.

Halafu kuna jambo moja la Nairobi ambalo hutalikuta kwa maelezo ya Wazungu, na ndilo linanitisha kuliko marashi yote. Koili. Najua nyumba nyingi shawa ya moto imekufa ama tokeni zinaisha, kwa hivyo maji yanachemshwa kwa ile koili ya kuchovya. Tafadhali, koili itolewe kwa soketi kwanza, halafu itolewe kwa maji, halafu uchanganye na maji baridi, halafu upime kwa kiwiko, na hapo ndipo unatia bomu. Usitie bomu koili ikiwa ndani ati maji yawe tayari pamoja. Bomu likiyeyuka maji yanakuwa ya chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri kuliko maji matupu. Koili ya bei rahisi iliyopasuka kidogo, mkono wako ndani ya maji, sakafu iko na maji. Sitaki hata kumaliza hiyo sentensi.

Najua kitakachofuata, utaona video na utataka kutengeneza yako. Sawa, si ngumu, lakini ukienda kwa maduka ya kemikali mjini taja jina lote. Ukisema tu "nipe soda" unaweza kupewa kostiki soda, ile ya kutengeneza sabuni, inachoma nyama. Na usitumie magadi ya kupikia maharagwe ukidhani ni kitu kimoja, magadi ya kutoka Lake Magadi ni kali zaidi sana, pH yake inakaribia 10 na kupita, kuna jirani yangu alibadilisha hivyo kwa sababu bekingi soda ilikuwa imeisha, miguu ikawa myekundu kama amesimama kwa jua la Lodwar siku nzima. Ukipima asidi ya sitriki vaa barakoa na glavu, vumbi lake likiingia jichoni utaimba, na likiingia suuza na maji yanayotiririka dakika kumi na tano bila kuonea mtu huruma. Usitengeneze mwezi wa nne mvua ikinyesha pia, hewa yenyewe ina maji, utaamka asubuhi ukute yamefura kama mandazi na hayachemki tena. Mimi yalinifura ishirini na nne mara moja, tuliyatumia kusugua sinki.

Hayo yako sita yaweke makavu, si bafuni, kwa mkebe wenye kifuniko. Lakini kipande kilicholowa usifungie kwa chupa, ile hewa itajaa ikose pa kwenda na chupa ipasuke. Na mkebe usiwe wa Kimbo wala wa biskuti, na usikae jikoni, kwa sababu hilo la waridi kwa mtoto wa miaka minne ni keki. Akiuma kidogo mwoshe mdomo umpe maji ya kunywa kidogo kidogo, usimtapishe. Akiwa amemeza kipande kikubwa, ama anatapika, ama anakohoa na kupumua vibaya, beba na lebo yenyewe muende hospitali iliyo karibu. Ndio maana nakuambia mpigie huyo dada leo akutumie picha ya lebo, na kama hana, akuandikie kwa mkono wake vilivyo ndani, ubandike juu ya huo mkebe.